Moteri Iliyokufa Bila Mwili

Mpofi, Alhamisi, mvua imesimama kidogo

Kwa Papa yangu mpenzi, Papa Kanyamibwa,
Karuba

Papa,

Kwa moyo mzito na huzuni isiyo na kipimo, ninakutangazia kifo cha moteri ya umeme, kilichotokea hapa Mpofi Jumanne asubuhi, juu ya meza yangu, kati ya redio ya Mama Francine na sahani ya mihogo. Marehemu aliugua joto kwa muda mfupi. Hakuacha mjane wala yatima, hakuacha hata kipande cha chuma. Tuliitika amina, kisha nikabonyeza kitufe, akafufuka, tukaendelea kula.

Usishtuke. Moteri ya laiteri, kiwanda chetu kidogo cha siagi, iko kwenu Karuba, nzima, ndani ya nyumba ya maziwa, na hakuna aliyeigusa. Iliyokufa ni ya uongo, nitakuelezea. Na maneno ya tangazo si yangu, ni ya Noël, katekista wa hapa, ambaye akikosa wafu wa kweli wa kuwaombea anachukua waliopo.

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo, Papa? Mama anaamkaje, na mgongo wake, umemwachia ao bado unamtabiria mvua? Dada Emérence na watoto wake wako salama? Na ng'ombe? Nimeanza na watu, ingawa najua unasoma mbiombio ili ufike kwa ng'ombe. Yule mwenye pembe iliyovunjika, amekwisha kuzaa ao anaendelea kutuchezea? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ya Karuba inakuja, inafanya kazi yake, inaondoka. Mvua ya huku inahamia. Bado ninakaa kwa Mama Francine, mbele ya duka lake njo kuna kibanda changu cha kutengeneza simu na redio, na watu wa Mpofi wamekwisha kuzoea kwamba mutoto wa watu wa ng'ombe anajua kuchomea waya. Mwanzoni walikuwa wanakuja kutazama tu. Sasa wanakuja kulalamika, njo kusema wamenikubali.

Nimechagua barua wala si simu kwa sababu simu yako unaipokea pale juu ya kilima panapopatikana rezo, unaiweka kwa sauti ya juu, na nusu ya komite ya laiteri inasimama kando kusikiliza kama ni habari za kijiji. Haya ninayoandika ni ya macho yako. Noël anakwenda kwa pikipiki mpaka Masisi kwa mkutano wa makatekista, kisha atapita Karuba akukabidhi mkononi. Uisome peke yako, kisha umpe Mama, kwa sababu Mama anasema kila siku kwamba katika nyumba hii hakuna anayemwelezea kitu. Kwa ajili yake nitaanza mwanzo kabisa.

Mama, unajua kwamba Bienvenu, kijana wa hapa Mpofi aliyesoma umeme kule Goma, njo alituwekea turbini kwenye kijito cha laiteri. Kabla yake tulikuwa na mashini ya mazuti, ile ya kelele na moshi, iliyowafanya ng'ombe wa Karuba wakohoe kama wazee. Bienvenu akaweka moteri ya umeme igeuze lile pipa la kusukasuka maziwa, ambalo Papa analiita kisabo cha chuma kwa kukumbuka vile vibuyu vya zamani. Lakini turbini yetu ni ndogo. Moteri ikiamka kwa nguvu zake zote mara moja, inameza umeme wa kijiji, taa zinakufa hadi kanisani. Kwa hiyo akatengeneza kisanduku cha kuiongoza: kinaiamsha polepole, kinaizungusha kwa mwendo ambao siagi inataka, na kinaizima ikizidiwa na kazi. Moteri ya kwanza ikaungua. Komite ikasema ni bahati mbaya. Ya pili ikaungua. Komite ikasema ni Bienvenu.

Sasa imebaki ya tatu, na nyuma yake hakuna nyingine. Hiyo ikiungua, hakutakuwa tena na siagi ya Karuba. Maziwa yatarudia kusafiri kwa bidoni mpaka Goma, na safari ile naijua tangu utoto. Yanatoka nyumbani yakiwa maziwa. Yakifika Mubambiro yanakuwa yamekwisha kupata mawazo mengine.

Nilisikia uliyosema, Papa, mbele ya watu: kwamba kisanduku cha yule muntu wa pori hakitagusa moteri ya tatu, na kwamba mwenyewe mguu wake hautavuka tena lango la lupango letu, hata kwa kuomba maji. Ukaongeza kwamba ulimjua tangu siku ya kwanza, aliporudisha kikombe cha maziwa kikiwa nusu. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, komite inakaa kuthibitisha neno lako. Likithibitishwa, hakuna laiteri kutoka Mushaki mpaka Masisi itakayomwita Bienvenu hata kufunga balbu. Njo maana ninaandika sasa, wala sikungojea sikukuu ya Noeli.

Utakumbuka siku ya Pasaka niliomba nichukue kisanduku niende nacho. Ulifurahi, ukadhani ninakwenda kukitupa mbali. Sikukusahihisha. Njiani, kwenye kila bariyeri walikifungua, wakachungulia, wakakifunga. Mmoja aliniuliza kinafanya nini bila moteri. Nikamwambia kinafikiri tu. Akaturuhusu kupita, akasema watu wa namna hiyo anao wengi kwao.

Nilitaka kujua kitu kimoja: kisanduku hiki ni muuaji ao si muuaji? Njia ya kawaida ya kujua ni kukifunga kwenye moteri na kungojea. Njia hiyo komite ilikwisha kuitumia mara mbili. Mimi nilihitaji moteri inayoweza kufa bila hasara.

Unamkumbuka Bihogo, Papa, mwaka ule alipopoteza ndama wake akakataa kuachilia maziwa? Ulichukua ngozi ya yule ndama, ukaijaza nyasi kavu, ukaisimamisha mbele yake, ukaipaka chumvi kidogo. Bihogo akainusa, akairamba, maziwa yakashuka. Nilikuwa mdogo, nikakuuliza kama Bihogo ni mjinga. Ukasema hapana, si mjinga, ila ng'ombe naye ana haki ya kuulizwa kwa lugha yake.

Nilichotengeneza ni ngozi ya ndama. Watu wa vitabu wana jina refu kwa kitu hiki, na vitabu vyenyewe nilivisoma kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, rezo iliporuhusu. Lakini ni ngozi ya ndama. Kisanduku cha Bienvenu kina kichwa na mikono: kichwa kinatoa amri, mikono njo inabeba umeme mkali. Nikatenganisha kichwa na mikono, nikachukua kichwa peke yake. Upande wa pili, pale moteri ingekuwa, nikaweka karte ndogo ya kompyuta, isiyozidi kiganja, nikaijaza hesabu za moteri: uzito wake, waya zake, jinsi inavyoanza kugoma, jinsi inavyopata joto. Kichwa kinasema, geuka pole. Karte inapiga hesabu, inajibu, nimegeuka kiasi hiki, nimekula umeme kiasi hiki. Kichwa kinaridhika, kinatoa amri nyingine. Hakijui kwamba kule mbele hakuna kinachogeuka.

Taabu iko kwenye wakati. Ndama wa nyasi anasimama tu. Moteri ya nyasi inapaswa kujibu mara maelfu kwa sekunde, kwa mwendo uleule ambao moteri ya chuma ingejibu. Ikichelewa hata punje ya muda, kichwa kinashuku, kinaanza kutetemeka na kujizima. Karte yangu ya kwanza ilikuwa mwongo mzuri lakini mvivu. Ilikuwa inatoa majibu ya kweli yaliyokwisha kupitwa. Nikangojea nyingine kutoka Goma, ikakaa njiani hadi Mama Francine akaniuliza kama ninangojea karte ao posa.

Zile simu nilizokupigia mfululizo, nikiuliza zile moteri zilikuwa zinalia namna gani asubuhi, zilikuwa zinalia namna gani maziwa yakiwa mazito, pipa lilikuwa linachukua muda gani kusimama likizimwa, sasa unajua zilikuwa za nini. Uliwaambia watu kwamba binti yako hatimaye ameanza kupenda maziwa. Nilikuwa nageuza majibu yako kuwa namba. Na wacha nikusifu bila kukupaka mafuta: hakuna fundi angenieleza vile. Ulisema asubuhi ya baridi moteri ilikuwa inaguna kama mtamba anayesukumwa kwenye mto, kisha inakubali. Nilitafuta mguno huo kwenye hesabu kwa muda mrefu, na nilipoupata nikakusikia unaucheka.

Basi jaribio likaanza, na kibanda changu kikawa sinema. Nilikipa kisanduku asubuhi za Karuba zote za mwaka, moja nyuma ya nyingine. Nikakipa krimu nzito. Nikakipa majani yaliyoziba mfereji wa turbini, umeme ukashuka. Nikakipa mtu anayechomeka pasi katikati ya kazi, ambaye sitamtaja ingawa ni Emérence. Nikakwamisha pipa ghafla. Nikakata waya mmoja. Kila mara kisanduku kilifanya kama muntu mwenye akili: kililegeza, kikangoja, ao kikazima. Nilikizidishia uovu ambao Karuba haijawahi kuuona, na moteri ya nyasi ikabaki hai.

Noël alikuwa anakuja kuchaji simu na kukaa. Alitaka kujua kama moteri ambayo haipo inaweza kutenda dhambi. Mama Francine yeye alisimama nyuma yangu na bakuli la unga, akatazama namba zinavyopanda, akauliza hiyo mashini yenye nguvu zote hizo itamsagia mihogo lini. Nikamwambia haiwezi kugeuza hata kijiko, nguvu zake ni za kwenye hesabu. Akasema hivyo njo alivyokuwa bwana wake wa kwanza, ila huyu wangu angalau halali kitandani.

Na Bienvenu alikuwa anakuja pia. Hilo sikulitaja kwa simu. Alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono ameiweka chini ya mapaja kama mutoto aliyekatazwa. Nilimwambia asogee aone. Akakataa. Alisema kisanduku ni mtoto wake, na mzazi akionekana kwenye chumba cha mtihani, hata mtoto akifaulu watu watasema alinong'onezewa. Hakugusa waya hata mmoja, hakunifundisha neno, hata pale nilipokosea na yeye akaona na kusonya moyoni. Siku kisanduku kilipomaliza mitihani yote bila kosa, alisimama, akatoka nje, akatazama mvua kwa muda. Aliporudi aliuliza kama kuna chumvi ya mihogo.

Mimi lakini sikufurahi, Papa. Kama kisanduku si muuaji, nani aliua? Moteri mbili hazikujichoma zenyewe. Bienvenu alipozifungua wakati ule aliona waya za ndani zote nyeusi, nyeusi sawasawa, hakuna mahali palipoumia kuliko pengine. Hiyo ni alama ya joto lililokaa humo siku nyingi, likila polepole. Kuna kitu ambacho moteri ya Karuba ilikuwa nacho na yangu haikuwa nacho, na mimi sikukijua kwa kuwa sikukiuliza.

Njo nikakumbuka simu yetu ya mwisho. Nilikuwa nimekuuliza kuhusu baridi ya nyumba ya maziwa, na kabla rezo haijakatika ulisema nisijali, baridi haiwezi kuipata, jambo hilo unalisimamia mwenyewe. Nikampigia dada Emérence, nikamuuliza Papa alikuwa na maana gani.

Emérence alicheka, akaniuliza nimesahau kwetu kiasi gani. Akasema wewe, Papa, si unaifunika? Kila ukungu unaposhuka unaenda nyumba ya maziwa na lile blanketi la mistari ambalo Mama alipewa na kina mama wa parokia, unaivisha moteri, unafunga kamba chini ya tumbo, kama tunavyomvisha ndama aliyezaliwa msimu wa baridi. Akasema mashini ya mazuti hakuna aliyewahi kuihurumia, ilikuwa na moshi na matusi. Lakini ya umeme ilipokuja, safi, ya kimya, uliigusa asubuhi moja ukaikuta baridi kama jiwe, ukasema huyu naye ni mgeni wa milimani. Nikamuuliza kama zile mbili zilikuwa zinafanya kazi zikiwa zimevaa. Akasema, kwani ndama anavuliwa akianza kutembea? Akasema ulikuwa unapitisha mkono chini ya blanketi, ukikuta moto unatikisa kichwa, unasema sasa amepata joto. Nikamuuliza kama komite inajua. Akasema komite yote inaliona kila siku, na wote wanasema ni blanketi zuri.

Niliweka simu chini, nikafungua tena hesabu za moteri.

Sasa sikiliza, Papa, nitakueleza kama unavyonieleza mambo ya ng'ombe, bila haraka. Moteri inapofanya kazi inazalisha joto, hata ile nzuri. Ina feni kwenye mkia, njo pua yake. Inapogeuka inajipulizia hewa. Pipa la siagi linataka mwendo wa pole, kwa hiyo feni nayo inaenda pole, na moteri inapumua kidogo tangu mwanzo. Kidogo hicho kingetosha. Kisanduku nacho kinachunga joto, lakini hakina mkono wa kupitisha chini kama wewe. Kinatazama umeme unaoingia, kisha kinakadiria. Na kinakadiria moteri inayopumua. Hakuna aliyekiambia kwamba kwetu moteri zinavaa.

Jumanne asubuhi nikaivisha ya kwangu. Kwenye hesabu blanketi ni kitu chepesi sana, ni namba moja tu, inayosema joto linatoka kwa shida. Nikaanzisha siku za Karuba upya, kila siku nikiibana kwenye sekunde chache. Kisanduku kilikuwa shwari, umeme ulikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa, na joto la ndani likawa linapanda siku kwa siku, bila fujo, mpaka likapita pale ambapo waya haziwezi kuvumilia. Nikavua blanketi, nikarudia: moteri ikaishi. Nikavisha tena: ikafa, baada ya majuma yaleyale ambayo zile za chuma zilichukua kufa. Njo kifo kile Noël alichokitangaza, akiwa amesimama na kofia mkononi. Mama Francine akasema pole, akaniongezea mihogo.

Bienvenu hakucheka. Alitoa mikono chini ya mapaja, akaniuliza nitafanya nini na habari hii. Nikamwambia nitaiandika. Akasema nisiandike. Alisema yule muzee alikuwa anaihurumia moteri. Afadhali waseme yeye Bienvenu aliichoma kwa kutojua kuliko waseme muzee aliichoma kwa huruma. Akasema yeye akifukuzwa Masisi atatafuta kazi upande wa Walikale, lakini Papa Kanyamibwa hana komite nyingine ya kukaa nayo. Kisha akaondoka, na safari hii hakuomba chumvi.

Unaona kwamba sikumtii. Nimekuandikia wewe na Mama, peke yenu. Komite haitapata neno kutoka kwangu, wala Noël hajui kilichomo humu zaidi ya bahasha; aliona moteri inakufa, hakusikia habari ya blanketi. Blanketi unaweza kulitoa kwa sababu yoyote. Sema Mama amelitaka, na Mama hatakukana, maana ni kweli amekuwa akilitaka. Kisanduku nitakuja nacho mwenyewe kabla ya Jumapili hiyo, njia ikiwa nzuri. Nimekiongezea kipimo kidogo cha joto, kinabandikwa kwenye ngozi ya moteri, ili kuanzia sasa kisikadirie, kiguse kama unavyogusa wewe. Moteri ya tatu itaishi. Juu ya hilo naweza kuapa, nimeiona ikiishi mara nyingi.

Lakini jina la Bienvenu haliwezi kuondolewa kimyakimya kama blanketi. Lilitupwa chini mbele ya watu, na aliyelitupa ana sauti ambayo Karuba inaifuata. Mimi sauti hiyo sina. Nikisimama katika komite na karte yangu, watasema Tuyisenge amekuja kutuonyesha mashini isiyokuwapo, na hawatakuwa wamekosea. Unaweza kusema tu kwamba kisanduku kimepimwa, hakina kosa, na aliyekitengeneza hana kosa. Wakikuuliza basi nani aliziunguza, hapo utaona mwenyewe la kujibu. Ninakujua, utakohoa kwanza. Usipojibu kitu sitakulaumu. Ukijibu, hakuna atakayekucheka kwa muda mrefu. Kila mmoja wao amewahi kumvisha ndama.

Sasa, Papa, sogeza miwani. Kumebaki neno moja, nalo njo zito kuliko moteri zote.

Wewe unamwona ng'ombe mgonjwa kabla mwenyewe hajajua kwamba anaumwa. Kwa hiyo umekwisha kuona kwamba binti hamtetei fundi miezi yote hii kwa ajili ya siagi. Ninampenda Bienvenu. Ninataka yeye njo awe bwana wangu, na ninataka aingie kwenu kwa mlango, kikombe mkononi, wala si kwa kupitia jina lililochafuliwa. Nimejaribu kuliandika neno hili kwa namna nyingine nimeshindwa.

Najua utakayosema. Utasema ni watu wa pori, katika ukoo wao mzima hakuna hata ndama mmoja, utajiri wao ni mitego na mbwa. Wao huku pia wana yao juu yetu: wanasema sisi tunaulizana habari za ng'ombe kwa kirefu na habari za watoto kwa kifupi, na nimeshindwa kukana. Mama yake, Mama Joséphine-Marie, ananifundisha kupika mboga ya sombe kwa mafuta mekundu ya ngazi kama inavyopikwa huku, na kila nikikosea anasema si kosa langu, nililelewa kwenye majani. Ni mtu mwema, ungependa ubishi wake. Kuhusu maziwa, Bienvenu anajifunza. Mama Francine ananinunulia kwa wachuuzi wanaoshuka kutoka Nyabiondo, na kijana anakunywa kama anayemeza dawa, macho amefumba, lakini amekwisha kupita nusu ya kikombe.

Wazee wa Mpofi wakifika Karuba siku moja, wakasimama mlangoni wakiomba kuketi, nakuomba uwape viti. Sikuombi zaidi. Mengine mtayasema wenyewe kwa namna ya wazee, polepole, kila upande ukijifanya haujui upande mwingine umefuata nini.

Umshike Mama mikono yote miwili kwa niaba yangu. Emérence mwambie pasi yake nimeisamehe. Wasalimie wote wa laiteri, na yule mwenye pembe iliyovunjika umguse shingoni, umwambie aache kuchelewa. Mungu awachunge huko kwenye ukungu, nasi atuchunge huku kwenye mvua, mpaka tuonane.

Ni mimi mtoto wako anayekuheshimu na kukupenda,

Tuyisenge

N.B. Kuhusu wazee wa Mpofi, Papa, viti usivitoe bado. Bienvenu mwenyewe hajaniposa.